Namna ya Kufundisha Mwenzako Kufuma Wakati wa Mashaka



Katika namba iliyopita tuliandika juu ya usafi wa mabweni, na wengi walisema maneno yetu yalikuwa makali. Leo hatuleti ukali. Tunaleta somo juu ya kufuma, ile kazi ya shindano mbili na uzi wa lene tunayoita hapa kwetu kutrikota. Tunajua kwamba wengine wataruka ukurasa huu na kwenda moja kwa moja kwa matokeo ya mpira. Waende, lakini warudi, juu somo hili si la wasichana peke yao, wala si la seksio ya Kukata na Kushona peke yake. Linaangalia kila mtu mwenye kulala katika interna hii na kusikia mwenzake akigeuka-geuka kitandani paka asubuhi.

Sababu kila mtu anaijua. Mwisho wa mwezi wa 6 mwaka 2024, Kanyabayonga iliingia mikononi mwa M23, na barabara ya kuja Lubero na Butembo ikajaa watu wenye magodoro kichwani. Wenzetu wa kusini ya Lubero walifika kati yetu, wengine na mfuko mmoja, wengine na daftari bila mfuko. Mwezi wa 1 mwaka 2025 ikafuata Goma, mwezi wa 2 Bukavu. Banki za Goma zilifunga milango, na wazazi waliokuwa wanatuma pesa ya masomo kutoka kule walibaki bila njia. Tena, juu ya hayo yote, sisi wa mwaka wa 4 wa humanite tuko na Egzameni ya Serikali mbele yetu, ile iliyoanzishwa mwaka 1967 na ambayo haiulizi kama ulilala vizuri au hapana.

Kapita wa interna anaona mambo ambayo mwalimu haoni. Tunaona mtu anaruka wakati mlango unapigwa na upepo. Tunaona mwingine anasoma ukurasa mmoja mara tatu, kisha anafunga kitabu na kuangalia ukuta. Kuna wenye kuumwa tumbo kila siku saa moja ya jioni, wakati wa etidi, na mama mwuguzi akiwapima hakuti malaria wala amiba. Kuna wenye kucheka sana, kwa sauti kubwa, mbele ya taa kuzimwa. Hao pia tumejifunza kuwaangalia.

Kengele ndani ya mwili

Mwalimu wa biolojia alitueleza jambo hili vizuri, na tunalirudilia kwa ajili ya wadogo wetu wa darasa la 7 na la 8. Katika mwili tuko na kengele. Mtu akiona hatari, ubongo unaamuru tezi zilizo juu ya figo zitoe adrenalini, kisha kortisoli. Moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi, damu inakwenda kwa misuli, na tumbo linaacha kazi yake kwanza. Ni kitu kizuri kama kuna chui njiani. Mganga Hans Selye, aliyefanya kazi Montreal kule Kanada, aliandika mwaka 1936 kwamba mwili unajibu namna moja kwa taabu za namna mbalimbali, ikiwa ni baridi, ao sumu, ao kidonda. Ndiye aliyetufanya tuseme neno stresi.

Taabu inaanza wakati kengele inalia hata kama chui amekwenda. Mtoto amefika hapa, bunduki hazisikiki tena, lakini mwili wake haujapata habari. Na huwezi kumwambia mwili kwa maneno. Umekwisha kujaribu kumwambia mtu mwenye kutetemeka, "Tulia"? Alitulia?

Basi mwili unazungumza lugha gani? Unaelewa pumzi, na unaelewa kitu chenye kurudi-rudi. Mama anambembeleza mtoto mgongoni, mwendo uleule, wimbo uleule, na mtoto analala. Hakuna aliyemsomesha mama huyo. Mwaka 1975 mganga mmoja wa Marekani, Herbert Benson wa Chuo Kikuu cha Harvard, alitoa kitabu juu ya jambo hili. Alionyesha kwamba mtu akirudilia neno moja kwa utulivu, na kila mara mawazo yakitoroka akayarudisha bila kujigombeza, moyo unapunguza mbio na pumzi inakuwa ndefu. Baadaye alieleza kwamba hata mwendo wa mwili wenye kurudi-rudi unaweza kufanya kazi hiyo. Kufuma ni mwendo wa namna hiyo: jicho moja, tena jicho moja, tena jicho moja.

Kuna pia uchunguzi uliotoka mwaka 2013 katika gazeti moja la Uingereza la wataalamu wenye kusaidia wagonjwa kwa njia ya kazi za kila siku. Waliuliza wafumaji 3,545 wa inchi 31. Wenye kufuma mara mingi kwa juma walisema kuliko wengine kwamba wanajisikia watulivu na wenye furaha, na wenye kufuma pamoja na wengine walipata faida zaidi. Lakini ndugu, tusiruke kama wasomi wa haraka. Hao walikuwa watu wenye kupenda kufuma, na waliulizwa kama kufuma ni kuzuri. Ukiuliza wachezaji wa mpira kama mpira ni mzuri, watakujibu nini? Kwa hiyo sisi hatusemi kwamba jambo limekwisha kuhakikishwa kama kanuni ya Archimedes. Tunasema linastahili kujaribiwa, juu halina gharama kubwa, na tumeliona kwa macho yetu katika bweni.

Vyombo bila pesa

Wengi wanasema, "Lene ni bei." Ni kweli, lene mpya ni bei. Lakini angalia kwenye soko ya nguo za balo, pale wanapotupa puloveri zenye tundu kwenye kiwiko. Ile puloveri ni lene yenye kungoja.

Usichukue yoyote. Geuza ndani nje na uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona kitambaa kilikatwa na makasi na pembe zake zimefungwa na nyuzi nyembamba za mashini, iache, juu ukifumua utapata vipande vifupi kama nywele za kinyozi. Tafuta ile ambayo pembe zake ni nzima na vipande vimeunganishwa na uzi mmoja tu. Kata uzi huo wa kuunganisha, tenga mikono na mgongo, kisha anza kufumua kutoka sehemu iliyofumwa mwisho, kwa kawaida juu, upande wa shingo na mabega. Ukianza chini uzi utakukatalia. Ukianza juu, puloveri inashuka yote kama maji. Zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, funga mahali nne, osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kisha utundike na jiwe dogo chini ili mawimbi yanyooke. Maji ya moto hapana. Lene ya kondoo ikipata maji ya moto na kusuguliwa inashikana na kuwa ngumu kama blanketi ya jela.

Kama unataka kujua ni lene ya kondoo ao ya kiwanda, choma kipande kidogo, mbali na vingine. Ya kondoo inanuka nywele zenye kuungua na inaacha majivu. Ya kiwanda inayeyuka na kuwa kijiwe kigumu cheusi. Zote mbili zinafaa kujifunzia, lakini ya kiwanda usikae nayo karibu na mbabula.

Kwa shindano, watu mingi wanachukua rayo za baisikeli. Zinafaa kwa kazi ya uzi mwembamba, lakini rayo iko na unene wa milimita 2 tu, na mwanafunzi wa kwanza atateseka nayo. Afadhali uchonge mwanzi. Kata vijiti viwili vya sentimita 30, vya unene wa milimita 4 ao 5, chonga kichwa kiwe kama cha penseli iliyotumika, si kama mwiba. Sugua na jani la msasa paka kijiti kisishike nywele za mkono wako, kisha pakaa nta ya mshumaa. Kwenye mwisho mwingine funga kifundo cha mpira ili macho yasianguke. Vijana wa darasa la 8 walichonga shindano jozi kumi na moja kwa alasiri moja, na jozi mbili tu ndizo zilivunjika.

Somo lenyewe

Sisi wa Pedagojia tunafundishwa kuandika fishi ya leson mbele ya kuingia darasani: shabaha, vyombo, mwendo wa somo. Hapa pia andaa, lakini mwenzako asione kwamba umeandaa. Mtu mwenye hofu akiona fishi anafikiri kuna interogasio.

Kwanza juu ya maneno. Kila kapete ka uzi kenye kukaa juu ya shindano tunakaita jicho, kama vile wavuvi wa Vitshumbi wanavyosema macho ya wavu. Na kwa kweli kitambaa cha kufumwa ni wavu wenye macho madogo sana. Uzi ni mmoja, unapita katika macho yote, na ndiyo sababu kinavutika.

Usimwanzishe mwenzako na kuweka macho ya kwanza kwenye shindano. Hiyo ndiyo sehemu ngumu, na haina mwendo wa kurudi-rudi. Weka wewe mwenyewe macho 20, ufume mistari 6 ao 7, kisha umpe kazi ambayo imekwisha kuwa na mwili, kitu anachoweza kushika. Hii ni shauri kubwa kuliko yote tunayotoa hapa, na wengi wanaoshindwa kufundisha wanashindwa juu ya hilo.

Kaa kando yake, bega kwa bega, si mbele yake. Ukikaa mbele, mkono wako wa kuume unakuwa wa kushoto kwake na kichwa chake kinazunguka. Kama yeye ni wa mkono wa kushoto, basi hapo kaa mbele yake, awe kama anajiangalia katika kioo. Kukaa kando kuko na faida nyingine: hamtazamani machoni. Mtu mwenye moyo mzito anaweza kukaa saa nzima kando ya mtu, lakini mbele ya mtu hawezi dakika tano.

Mwendo ni minne. Shindano yenye macho iko katika mkono wa kushoto, ile tupu katika wa kuume, uzi nyuma. INGIA: ncha ya shindano ya kuume inaingia katika jicho la kwanza, kutoka mbele kwenda nyuma. ZUNGUSHA: uzi unapita juu ya ncha hiyo, kutoka nyuma kuja mbele. VUTA: ncha inarudi mbele na kuleta uzi, na hapo jicho jipya linazaliwa. ACHILIA: jicho la zamani linatoka kwenye shindano ya kushoto. Ni hayo tu. Mwisho wa mstari, badilisha mikono na uanze tena. Ukifuma kila mstari namna hiyo, unapata kitambaa chenye matuta pande zote mbili, kinachokaa sawa bila kujikunja. Mistari 40 juu ya macho 20 inakaribia kuwa mraba. Kuna jicho lingine, la kugeuza, uzi ukiwa mbele, na hilo linatoa uso laini wa puloveri za duka. Lakini kitambaa chake kinajikunja pembeni na kumvunja moyo mwanafunzi. Tuliache kwa juma la tatu.

Semeni maneno manne pamoja, kwa sauti ndogo: ingia, zungusha, vuta, achilia. Nyuma ya mistari mitatu utasikia mwenzako ameacha kusema kwa mdomo na anasema kwa pumzi. Usimwonyeshe kwamba umesikia.

Sasa makosa. Macho yakiongezeka, 20 yakawa 23, sababu karibu kila mara ni moja: mwanzoni mwa mstari uzi ulipanda juu ya shindano, na jicho moja likaonekana kama mawili. Mwonyeshe auteremshe uzi chini kwanza. Jicho likianguka, linashuka kama ngazi na kuacha tundu. Lichukue na kijiti cha kiberiti na ulipandishe ngazi kwa ngazi. Kama kazi imeharibika kabisa, toa shindano na uvute. Mistari yote inafumuka, na uzi ni uleule, haukupungua hata kidogo. Wengine wanashangaa sana hapo. Katika mwaka huu vitu mingi vimeharibika bila njia ya kurudi nyuma, na wenyewe walikuwa wanangoja ugombezwe.

Usimwulize habari ya vita. Tunaandika hivi kwa herufi nzito kama stensili ingeruhusu. Uliza tu, "Umefika mstari wa ngapi?" Akitaka kusema mengine atasema, mara mingi bila kuinua macho, kati ya jicho la 12 na la 13. Hapo wewe endelea kufuma. Ukiweka shindano chini na kumtazama, ataacha.

Kuna jambo tuliloliona ambalo hatukulisoma mahali. Mtu mwenye hofu anavuta uzi kwa nguvu. Macho yake yanakuwa madogo, magumu, shindano haingii, na vidole vinakuwa vyeupe. Usimwambie alegeze; mpe tu shindano nene zaidi, na ungoje. Dada mmoja wa darasa la 8, aliyetoka upande wa Kirumba, alifuma kipande chake cha kwanza kwa siku 9. Macho yalikuwa 20 tangu mwanzo paka mwisho, tulihesabu. Chini, pale alipoanza, kipande kilikuwa na upana wa sentimita 11. Juu, pale alipomaliza, sentimita 16. Wenzake walimshauri akifumue na kukifuma tena ili kiwe sawa. Alikataa. Amekibandika kwenye ukuta juu ya kitanda chake, na sasa anafundisha wawili.

Kwa vijana wenye kucheka

Walitucheka, hatufichi. Mmoja alituuliza kama kapita atavaa kikwembe pia. Tulimjibu kwa habari ya Taquile, kisiwa cha Peru katika ziwa Titicaca, mahali penye baridi kupita huku kwetu, urefu wa meta 3,800 na zaidi. Kule wanaume ndio wenye kufuma kofia kwa shindano, na wanawake wanasuka kwenye mtambo. UNESCO iliheshimu kazi yao mwaka 2005. Na wakati wa vita kubwa ya kwanza, mwaka 1917, Marekani waliunda Msalaba Mwekundu wa vijana, na wanafunzi katika mashule, vijana na wasichana, walifuma vitu vya askari na vya wakimbizi. Lakini hakuna sababu ya kwenda mbali. Barazani Butembo, nani wenye kukaa nyuma ya mashini za kushona? Si wanaume? Na kamba za mbuzi, nani mwenye kuzisuka? Yule aliyetucheka amekuja juma la pili, alisema anasindikiza rafiki yake. Anafuma vizuri kutupita.

Mipaka ya kazi hii

Kufuma si dawa ya kila kitu. Haileti pesa ya masomo, haizuii vita, haifundishi hesabu (ingawa macho 64 ukigawanya na 4 utajua haraka). Hatufumi darasani, hatufumi wakati wa ibada, na katika etidi tunafuma dakika 15 za mwisho tu, kwa ruhusa ya Bwana Prefe. Nyuma ya dakika 20 pumzisha vifundo vya mikono, vinginevyo vitaumwa. Shindano zote zinahesabiwa jioni na kurudi katika sanduku.

Na kuna hali ambazo uzi hautoshi. Mwenzako akipitisha majuma bila kulala, akikataa kula, akisikia sauti ambazo wengine hawasikii, ao akisema ni afadhali afe, usikae naye na shindano kama mtaalamu. Siku ileile nenda kwa mama mlezi, ao mama mwuguzi, ao pasta wa shule. Kama alikuambia ni siri, nenda tu. Sisi makapita tumekubaliana hivyo, na mwenye kukasirika akasirike akiwa mzima.

Vipande tulivyofuma vinafanya nini?

Swali hili mwalimu mmoja alituuliza, na ni swali la haki. Mtu anachoka kufuma miraba isiyo na kazi. Kwa sasa miraba inaunganishwa kuwa blanketi, 6 kwa 8, maana yake miraba 48, na ya kwanza imebaki na 13. Nyuma yake tunataka kuanza kofia za watoto wachanga kwa materniti iliyo chini ya shule. Mtoto mchanga anapoteza joto haraka, na kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili wake kuliko kwetu sisi. Tangu mwaka 1978, kule Bogotá, waganga walipoanza kuweka watoto waliozaliwa mbele ya wakati kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia ikawa moja ya nguo chache anazovaa mtoto. Huku kwetu milimani, asubuhi za mwezi wa 7, mama anatoka na mtoto amefungwa kitambaa cha mezani kichwani. Tumeona.

Kofia ni hivi. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa wakati kinazunguka karibu sentimita 35, na kofia inapaswa kuvutika kidogo, kwa hiyo fuma sentimita 32. Pima kazi yako: ukipata macho 20 katika sentimita 10, weka macho 64. Fuma paka sentimita 12, kisha katika mstari mmoja fuma macho mawili-mawili pamoja, yabaki 32, katika mstari mwingine tena, yabaki 16, pitisha uzi katika yote, kaza, na ushone ubavu. Usiweke kifungo wala kamba, mtoto anaweza kuvimeza ao kunyongwa navyo. Puloveri moja ya mtu mkubwa inatoa kofia kumi na kupita. Wamama wa Dorkas wa parokia wamekubali kutupokea Jumamosi moja kwa mwezi ili watuonyeshe namna ya kumaliza pembe vizuri. Wenyewe wanafuata mama wa Yafa aliyeshonea wajane nguo, na wako na uvumilivu kutupita.

Tunakutana Jumatano na Ijumaa, saa tisa na nusu, katika chumba cha zamani cha masomo ya kushona. Viti ni 14, wengine watakaa kwenye mikeka. Wa darasa la 7 waje na yaya mmoja wa humanite. Walimu wanakaribishwa, na mwalimu wa fizika, aliyekuja mara moja kuangalia na akakaa paka kengele, tunamkumbusha kwamba kipande chake kimebaki mstari wa 22. Tunahitaji puloveri kuukuu za kufumua, rangi yoyote, na mishumaa mifupi kwa ajili ya nta. Mwenye kuwa na baisikeli isiyotembea tena kule nyumbani, tunaomba rayo.